Usifunge kufuli kwenye chumba ulichompangisha mtu

Mwaka wa pili tangu nianze kupangisha vyumba vinne hapa Ilomba, Mbeya, nilitia kufuli langu kwenye mlango wa mpangaji. Dada mmoja, anauza vitenge Mwanjelwa, nilikuwa namdai kodi ya miezi mitatu. Ilikuwa Jumapili jioni, na sare za shule za mwanaye zilikuwa humo ndani. Jumatatu asubuhi nikamkuta mtoto amekaa barazani na kandambili, anatetemeka kwa baridi ya Juni. Nikampita, nikaenda kazini. Mpaka leo naumia nikikumbuka.

Mama yake alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Baraza la Kata. Huko nikaelezwa nilichopaswa kukijua kabla sijapokea kodi ya mtu: deni ni haki yangu, lakini chumba ni chake mpaka upangaji uishe kwa njia ya sheria. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamlinda mpangaji akae kwa utulivu bila kubughudhiwa na mwenye nyumba. Nilifungua siku hiyohiyo, nikamwomba radhi mbele ya mtoto. Deni alilimaliza kidogo kidogo kwa miezi mitano.

Tangu hapo sipangishi bila mkataba wa maandishi, hata chumba kimoja. Upangaji usiozidi mwaka sheria inaukubali hata kwa mdomo, ila siku ya ugomvi kila mtu anakumbuka lake. Andikeni kodi ni kiasi gani na inalipwa lini, notisi ni ya muda gani, bomba likipasuka nani anamwita fundi. Na LUKU, umeme wa kulipia kabla, ndugu zangu! Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo, na anayepaswa kuibeba ni mwenye jengo. Kama mita anaijaza mpangaji, mrudishie pesa yake. Mimi naipunguza kwenye kodi ya chumba.

Risiti toa kila mara, hata akilipa kwa simu. Fremu ya biashara ukiipangisha kampuni, itakukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Hiyo ndiyo kodi ya zuio, kwa hiyo dai cheti chake. Bati linalovuja lizibe kabla ya Novemba. Mvua za Mbeya zikishaanza fundi hapandi juu.

Mpangaji akichelewa, kaa naye kwanza, wengi wana sababu. Akiendelea, mwandikie barua yenye tarehe na kiasi, nakala abaki nayo mwenyekiti wa mtaa. Baraza la Kata siku hizi linasuluhisha tu, haliamui kesi. Mkishindwana hapo, peleka shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya usubiri amri. Umeme usikate, mlango using'oe, vyombo vyake usitoe nje.

Yule dada alihama mwaka uliofuata. Tulikagua vioo na soketi pamoja, akanikabidhi funguo mkononi. Chumba kile sasa anakaa mdogo wake, yeye ndiye aliyemleta.