AC ya Corolla ya 1992: usikimbilie kujaza gesi

Mkuu, umesema AC ya Corolla yako ya 1992 imelala miaka, kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC) haishiki kabisa, na fundi anataka akujazie gesi tu. Mkatalie kwanza. Gesi ya AC haiishi kama petroli. Ikipungua ujue kuna mahali inavuja, na ikiwa ndogo mno swichi ya presha inaizuia kompresa isishike. Fungua boneti, pitisha kidole kwenye maungio ya mabomba na usoni mwa kondensa (ile kama rejeta ya AC, mbele ya gari). Ukikuta vumbi jeusi limegandamana na oili, hapo ndipo gesi inapovujia.

La pili, na hapa ndipo gari nyingi zinaharibiwa: soma kibandiko chini ya boneti ujue gari ilitoka na gesi gani. Gari nyingi za umri huo zilitoka na R12 (gesi ya AC ya zamani), lakini leo utawekewa R134a, gesi iliyochukua nafasi yake. Oili iliyokuja na R12 haichanganyiki na R134a, hivyo hairudi vizuri kwenye kompresa, nayo inajisaga kwa ukavu. Mfumo uoshwe, iwekwe oili ya esta, oringi zote (pete za mpira za kwenye maungio) zibadilishwe na draya (kikopo kinachonyonya unyevu ndani ya mfumo) iwe mpya. Ya zamani imeshanyonya unyevu, usikubali irudishwe hata ikionekana safi.

Kisha fundi avute vakyumu (anyonye hewa na unyevu wote kwa pampu) nusu saa au zaidi, afunge, na geji ya presha isipande, kuonyesha hakuna panapovuja. Hapo gesi iingie kwa mizani, asilimia 80 hadi 90 ya kipimo cha R12. Fundi asiye na pampu ya vakyumu, mwache, tafuta mwingine.