Re: Shujaa wangu wa fantasia anafanana na wa sinema za nje

Salaam ndugu. Nimekuelewa: umemchukua Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili wa pwani, ukampa upanga unaotema moto, na sasa wasomaji wanasema hawamwoni Liyongo.

Kabla ya kugusa upanga, angalia siri ya kifo chake anaijua nani. Katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa 1913, silaha hazimdhuru. Kinachomuua ni sindano ya shaba kitovuni, na mchomaji ni mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa binti wa mfalme. Ukimpa siri hiyo mchawi au jini, umebaki na sindano tu. Uchungu wote uko kwenye undugu uliouzwa.

Halafu rudia sura ya gerezani, naona ndiyo imekwama. Kwako anavunja pingu kwa uchawi. Kwenye utenzi, tupa inafichwa ndani ya mkate wa wishwa, yaani pumba za nafaka. Walinzi wanakula vyakula vizuri, wishwa wanampelekea mfungwa kwa sababu wanaudharau. Kelele za ngoma ya gungu zinafunika mkwaruzo wa tupa. Yaani dharau ya tabaka ndiyo inayofungua mlango! Hakuna uchawi utakaoshinda hilo.

Kwa hiyo kwa kila tukio la ajabu, andika pembeni sentensi moja: linavunja au linalinda thamani gani, heshima ya mama, ahadi, ukarimu? Likikosa jibu, lifute. Upanga wa moto nadhani utaondoka wenyewe.

Sura ya kisimani, anapokufa amepiga goti na upinde mkononi na watu wanaogopa kuteka maji, usiiguse.