Springi za Shotigani: Maswali Yenu

Kabla ya yote: toa risasi, zipeleke chumba kingine, kisha ingiza kidole kwenye chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) na kwenye mlango wa magazini (bomba linalohifadhi risasi za akiba) uhakikishe ni tupu. Macho peke yake hayatoshi.

Fundi, nimerithi shotigani ya Remington 1100. Kukiwa na baridi bolti (chuma kinachoteleza kufunga chemba) haifungi mpaka mwisho. Nimesafisha mtutu na chemba, wapi.

Ndugu yangu, tatizo liko nyuma ya ulikosafisha. Springi inayosukuma bolti mbele imo ndani ya kitako, kwenye mrija wa chuma, na wapo watu wanaomiliki bunduki hii miaka mingi bila kuiona. Maji ya mvua hupenya humo. Mafuta unayoweka juu nayo huteremka humohumo bunduki ikisimamishwa kabatini mtutu ukiangalia juu. Yakichanganyika na masizi ya baruti huwa mazito kama gundi, na baridi huyazidisha.

Toa mpira wa kitako, fungua skrubu ndefu iliyo ndani, vua kitako. Mwisho wa mrija kuna kizibo kilichoshikwa na pini. Vaa miwani na ukikandamize kizibo unapotoa pini, maana springi iliyobanwa huruka kwa nguvu ya kumtoa mtu jicho. Sugua mrija mpaka kitambaa kitoke safi. Springi yenye vishimo vya kutu usiirudishe. Isiyo na kutu ilaze kando ya mpya ya modeli hiyohiyo. Ikiwa imefupika waziwazi, badilisha. Paka mafuta mepesi, kidogo sana, na grisi iache kabisa. Baada ya hapo, kila ukiweka mafuta, ihifadhi mtutu ukiwa chini.

Kuacha risasi kwenye magazini kunachosha springi?

Si sana. Springi nzuri huchoshwa na kubanwa na kuachiwa mara nyingi, na kutu. Ukiona risasi ya mwisho inatoka kwa uvivu, ibadilishe. Lakini nyumbani bunduki isikae na risasi, kwa ajili ya watoto.

Nina Browning Auto-5 ya babu. Mbao ya mbele imepata ufa.

Bunduki hii ya John Browning, iliyoanza kutengenezwa na kiwanda cha FN cha Ubelgiji mwaka 1902, hurudisha mtutu wenyewe nyuma pamoja na bolti. Pigo hilo hupokewa na springi kubwa inayozunguka bomba la magazini, ikisaidiwa na breki ya shaba na pete ya chuma. Kwa risasi nzito, pete hukaa mbele ya springi, upande wake ulioinama ukigusa breki. Kwa nyepesi, hukaa nyuma ya springi, karibu na mwili wa bunduki. Ukipiga nzito kwa mpangilio wa nyepesi, mbao hupasuka. Kagua pete kwanza, halafu pima springi.

Naweza kuivuta springi ya zamani irefuke?

Hapana. Itarefuka leo, na baada ya kupiga kidogo itarudi fupi. Wala usinunue ngumu kuliko ya kiwanda: risasi nyepesi zitashindwa kuirudisha bolti nyuma ya kutosha, na ganda litakwama. Nunua ya modeli na geji (kipimo cha upana wa mtutu) yako. Ukishaifunga, jaribu kwanza kwa risasi bandia zisizolipuka, kisha uwanjani weka moja moja.