Nguo za mtoto: Gikomba, kiasi gani?

Dada, umeuliza ununue nini ukiwa na mimba ya wiki 34, na kama mitumba ya soko la Gikomba inafaa. Inafaa sana, ila nenda asubuhi mapema. Chukua fulana 6 za kufunga mbele, ovaroli 6, kofia 3, soksi jozi 6 na shali 2 nzito. Baridi ya Julai hapa Nairobi haina mchezo. Vuta kila kifungo: kinacholegea huishia mdomoni mwa mtoto.

Usijaze saizi ya mtoto mchanga, wengi huiacha ndani ya wiki chache. Nusu iwe ya miezi 0 hadi 3. Pampasi nazo, paketi moja tu kwanza. Ataenda na 8 hadi 12 kwa siku, kweli, lakini uzito wake bado huujui.

Mitumba iloweke, ifue kwa maji moto, ianike juani, kisha piga pasi hadi kwenye mishono. Na zile tembe nyeupe za kufukuza nondo, wadudu wanaokula nguo, usizitie kabatini kabisa: kwa baadhi ya watoto wachanga, mvuke wake huharibu chembe nyekundu za damu.

Mkoba wa hospitali uwe tayari wiki ya 36. Kitanda kinaweza kungoja.