GPA ndogo na kazi ya kwanza

Umetoka chuoni karibuni na GPA ndogo, yaani wastani mdogo wa alama zako za chuo, na unajiuliza kama utapata kazi? Unapata, ila si kila mlango utafunguka. Benki kubwa za uwekezaji na kampuni za ushauri mara nyingi huchuja kwa alama kabla mtu hajasoma CV, na kikomo chao huwa 3.0 au zaidi kwenye kipimo cha 4.0. Chini ya hapo usipoteze muda kwenye fomu zao za mtandaoni, labda uwe na mtu wa ndani wa kukupendekeza. Waajiri wengine wengi, hasa wadogo, hata hawaulizi. Laszlo Bock alipokuwa mkuu wa rasilimali watu Google alisema mwaka 2013 kwamba GPA haiwasaidii kitu katika kuajiri, isipokuwa kidogo tu kwa waliotoka chuoni juzijuzi. Ndiyo, wewe bado umo kwenye hilo kundi, kwa hiyo miaka miwili mitatu ya mwanzo ndiyo migumu.

Nimewahi kukaa upande wa kuchambua maombi. CV isiyotaja GPA haikunishtua. Iliyonisimamisha ni ya kijana aliyeandika mstari mmoja: "nilitunza hesabu za stoo miezi minane", na namba ya msimamizi wake chini. Huyo tulimpigia siku hiyohiyo.

Kama masomo ya fani yako ulifaulu na yaliyokuangusha ni ya mwaka wa kwanza, andika wastani wa masomo ya fani pekee, ukieleza kuwa ni wa hayo tu. Usiongeze alama: transkripti huombwa baadaye, na hapo ofa hufutwa.