Kwa mwezeshaji mpya: ukimaliza kipindi, usikimbilie bodaboda

Kipindi chako cha kwanza cha elimu ya kupinga ukatili wa kijinsia kikiisha, usiondoke haraka. Bandua zile karatasi za ukutani polepole, panga viti, omba maji ya kunywa. Anayekuhitaji hatanyoosha mkono mbele za watu. Atajifanya anakusaidia kukusanya chupa za soda, kisha atakuuliza: "Hivi dada, kuna jirani yangu mmoja..." Sikiliza habari za huyo jirani mpaka mwisho. Usimuulize kama jirani ndiye yeye.

Hili nililijua kwa kukosea. Mwaka wangu wa kwanza huku Mtwara, nikitaka watu wachangamke, niliuliza: "Nani hapa amewahi kupigwa na mume?" Kimya. Mama mmoja wa mstari wa pili aliinua mkono hadi usawa wa bega, halafu akaupitisha kichwani kama anarekebisha mtandio. Shemeji yake alikuwa amekaa mlangoni. Wiki iliyofuata hakuja, na sikumwona tena darasani. Tangu hapo nazungumzia familia ya kubuni, Mama Fulani na Baba Fulani, na wote wanachangia bila mtu kujianika.

Kabla hujafungua mdomo kuhusu msaada, ipite njia yenyewe kwa miguu yako. Nenda kituo cha polisi uulize Dawati la Jinsia na Watoto liko chumba gani na Jumamosi jioni anakuwepo nani. Uliza kama zahanati ya jirani ina dawa za kuzuia maambukizi ya VVU au mpaka mtu aende kituo cha afya, na nauli ni shilingi ngapi. Pata namba ya afisa ustawi wa jamii, kisha ipige uone kama inapokelewa. Nimewahi kugawa namba iliyokuwa haipatikani kwa miezi. Aibu ile sikutakii.

Aliyebakwa, hesabu yake ni saa, wala si siku. Dawa za kuzuia VVU zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Kituo cha polisi kikiwa mbali, aanzie hospitali, PF3, ile fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, itafuatwa baadaye. Asioge wala asifue. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana kwenye nailoni zinapata unyevu na ushahidi unaharibika. Haya yaseme taratibu, mara mbili, kwa sababu mtu aliyeshtuka hasikii la kwanza.

Usimwambie "achana naye." Wewe utalala kwako usiku huo, na mara nyingi mwanamke anapoondoka ndipo hatari inapozidi. Muulize yeye anaona nini kinawezekana. Wala usiende kumsuta mume, hata kama damu inakuchemka. Kwa mtoto, usiahidi siri. Mwambie utawaambia wale tu wanaoweza kumlinda, na ujue namba 116, ya bure, ya huduma ya simu kwa mtoto. Wazee watakuambia yamalizwe nyumbani kwa faini. Wajibu kwa heshima zote, shikamoo ikitangulia, kwamba kubaka ni jinai na ukoo hauna mamlaka ya kuisamehe.

Wanaume ndio kazi yenyewe. Ukianza na neno "ukatili" wanafikiria panga, na kwa kuwa hawajawahi kushika panga, wanakunja mikono. Mimi huanza na korosho. Nani alipalilia? Nani aliokota? Fedha za mnada zinaingia akaunti ya nani? Hapo ubishi unawaka, na kina mama wanacheka kile kicheko cha pembeni. Hoja si yangu. Mbinu ya kuzuia ukatili iitwayo SASA!, iliyoanzia Kampala kwa shirika la Raising Voices, inauliza kwanza nani ana nguvu na anazitumiaje, ndipo inafika kwenye vipigo. Ilipopimwa kwa utafiti huko Kampala, ukatili wa kimwili wa wenza dhidi ya wanawake ulikuwa chini kwa asilimia 52 katika maeneo yaliyofikiwa, ukilinganisha na yale ambayo hayakufikiwa. Na waliofanya kazi hiyo wengi walikuwa majirani wa kawaida, wakizungumza dukani na bombani, kwa miaka, si kwa semina ya siku mbili.

Ndiyo maana Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia zinanichosha kidogo, nisamehewe. Kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10 kila mtu anataka kipindi, fulana zinagawiwa, kisha kimya mpaka mwaka unaofuata. Huku kwetu siku hizo huangukia msimu wa korosho, fedha zikiwa mkononi na ugomvi ukiwa umepamba moto. Vipindi vyako vianze Agosti, kabla minada haijafunguliwa. Chagua saa ambayo kina mama hawajaenda kuchota maji, na shemeji asipangiwe kiti cha mlangoni.