Madogo wa midoli, msasa kwanza gundi baadaye

Jana nimekaa Chikongola, hapa Mtwara, na madogo wawili, mmoja anaunga bega la mdoli wake, supagluu inachuruzika hadi ndani ya jointi, halafu ananiuliza "bro mbona mkono hauzunguki?" Nimecheka mpaka machozi, maana huyo ni mimi kabisa wa miaka ile. Haya sikilizeni.

1. Msasa: anza namba 220, kisha 400, malizia na 600 ya maji na tone la sabuni. PVC laini, ile plastiki ya midoli, ukiikwangua kavu inaota manyoya kama kuku alonyonyolewa nusu. Barakoa vaa, vumbi la mpingo halina undugu.

2. Gundi. Hapa ndo penyewe. Mzee mmoja wa Masasi alitaka mdoli wa mjukuu wake, mwili wa plastiki ila kichwa cha mpingo. Nikachonga siku tatu, nikapiga msasa hadi 1000, nikapaka kiwi ya viatu, nikasugua na kitambaa mpaka kichwa kinang'aa unajiona, na kwa sifa zangu nikang'arisha hadi kule chini shingoni panapokaa gundi. Fundi wangu alishaniambia mara mbili "pa kuunga paache pakwaruze", mi nikamwona wa kizamani. Sasa piga picha, mpingo wenyewe una mafuta, juu yake kiwi, juu yake supagluu, pini ya kushikilia ndani hakuna, na ule mti mzito hadi kwenye maji unazama. Nikapanda basi la asubuhi nipeleke mwenyewe ili nisifiwe. Mzee akaunyanyua kwa kichwa, kichwa kikabaki mkononi, mwili huo sakafuni paa! Mtoto kimyaaa, halafu akasema "babu, amekufa?" Nilirudisha elfu thelathini ya watu na nauli ya kurudi nikamkopa konda.

Siku hizi nakwaruza pande zote na 120, upande wa mti nafuta na asetoni ile ya kutolea rangi ya kucha, plastiki siigusi maana inaiyeyusha, natoboa tundu, napitisha klipu ya karatasi iliyonyooshwa, napaka epoksi, gundi ile ya kuchanganya mbili, nalaza mpaka asubuhi. Na kichwa nachonga mti mwepesi kama wanaochonga lipiko, kinyago cha ngoma ya Wamakonde, wale hawakuwa wajinga, mtu anacheza nalo kichwani.

3. Supagluu inaganda kwa unyevu, na sie tunakaa na bahari, kwahiyo masika inaacha weupe pembeni kama umenyunyizia unga wa muhogo. Paka kidogo kwa kijiti cha meno, feni iwe karibu.

4. Jointi ipunguze kwa msasa kabla ya rangi, rangi nayo ina unene wake jamani. Na mkono ukishagandia usiuvunje kwa hasira, supagluu ikipata baridi kali inakatika kirahisi. Mdoli wa yule dogo sasa hivi uko kwenye friza la dada wa barafu, umelala kati ya ubuyu na changu, saa kumi tunaenda kuangalia kama bega limeachia.